Amana Yenye Magurudumu

Katika mji mdogo wa Quartzsite, magharibi mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, kuna kaburi lililojengewa piramidi ya mawe, na kileleni pake amesimama ngamia wa shaba. Aliyelala hapo ni Haji Ali, mchunga ngamia aliyezaliwa katika himaya ya Waosmani, akasilimu, akahiji Makka, kisha mwaka 1856 akavuka bahari pamoja na ngamia walionunuliwa na Jeshi la Marekani. Serikali ilitaka kujua kama wanyama hao wangefaa kubeba mizigo katika majangwa ya kusini-magharibi. Mwaka 1857 walitumika katika msafara wa kufungua barabara ya kwenda California, na kazi waliiweza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, mpango ukatelekezwa. Ngamia wengine wakauzwa, wengine wakapotelea jangwani. Haji Ali akabaki. Wenyeji, ambao ndimi zao hazikuliweza jina lake, walimwita Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902, na mwaka 1935 idara ya barabara ya Arizona ikamjengea piramidi hiyo.

Kila majira ya baridi, jangwa linalozunguka kaburi lake hujaa trela za kuishi: vijumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari, vyenye kitanda, jiko la gesi, friji na meza ya kukunja. Wenyewe wengi ni wastaafu wanaoikimbia theluji ya kaskazini. Trela mpya ni nyingi, lakini katikati yake hazikosekani zile za zamani: Shasta za miaka ya 1960 zenye vibawa vya bati ubavuni, Airstream za alumini isiyopakwa rangi, Scotty ndogo zilizotengenezwa Pennsylvania, na Boler za fiberglasi, ambazo Ray Olecko alizibuni Winnipeg, Kanada, mwaka 1968. Ardhi wanayopiga kambi ni ya umma. Kwenye maeneo ya bure, mtu haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 14. Zikiisha, afungashe ahame. Anayetaka kukaa msimu mzima hulipia kibali katika eneo maalumu, nalo hufunguliwa Septemba 15 na kufungwa Aprili 15. Hakuna anayelala pale akiamini kwamba pale ni kwake.

Ndipo linapokuja swali ambalo dini zimelishughulikia kwa karne nyingi: binadamu ambaye ni mpita njia ashike mali yake vipi?

Kwamba ni mpita njia, wafuasi wa dini nyingi wanakubaliana. Katika Uislamu ipo hadithi mashuhuri, iliyopokewa kwa Abdullah ibn Umar, inayomfundisha muumini kujiona msafiri hapa duniani. Katika Ukristo, Waraka kwa Waebrania unamkumbuka Ibrahimu aliyekaa katika mahema ndani ya nchi aliyoahidiwa. Wayahudi nao, kila mwaka katika sikukuu ya Sukkot, hukaa siku saba katika vibanda vilivyoezekwa kwa matawi, kukumbuka miaka ya jangwani. Mara nyingi hitimisho linalotolewa huwa moja: kwa kuwa unapita, usihangaike na vitu. Viache. Moyo wako usiutie katika mbao na mabati.

Hitimisho hilo lina haraka. Aliyewahi kumiliki trela kuukuu, akaitengeneza na kulala ndani yake, anajua kwamba kupita njia kunaweza kumfanya mtu avijali vitu zaidi. Kitu ambacho kesho kitakuwa mikononi mwa mwingine kina madai mazito kuliko kile ambacho mtu anajidanganya kuwa ni chake milele. Lugha ya Waswahili ina jina la kitu cha namna hiyo, nalo ni amana. Kinachoifanya amana iwe nzito ni kazi, si hisia. Kwa hiyo inafaa kuitazama kazi yenyewe.

Chukua trela ya kawaida ya Kimarekani ya mwaka 1963 hivi. Mifupa yake ni fremu ya mbao nyembamba. Nje imevikwa mabati laini ya alumini yenye mikunjo. Ndani, kuta ni plaiwudi nyembamba ya mti wa birchi, iliyopakwa vanishi hadi ikawa rangi ya asali. Katikati ni pamba ya kioo ya kuzuia baridi. Pale ubavu unapokutana na paa, kingo za mabati mawili hufunikwa na ukanda mwembamba wa alumini uliofungwa kwa skrubu kutoka mbele hadi nyuma. Chini ya ukanda huo kiwandani walitandika utepe wa lakiri laini ya kuzuia maji. Lakiri hiyo haidumu. Jua huikausha, ikapasuka, na mvua ikapata njia kwenye matundu ya skrubu. Maji hayadondoki palepale. Hufuata ubao, hushuka nao pembeni, hukusanyika kwenye boriti ya chini, na huko ndiko uozo unakoanzia, mbali na tundu lililouleta.

Dalili ndani huwa ndogo: doa la hudhurungi pembeni juu ya kitanda, harufu ya ukungu asubuhi, ukuta unaobonyea ukiuminya kwa dole gumba. Mwenye haraka hupanda ngazi na bomba la silikoni, akapaka juu ya ukanda, akashuka. Nje huonekana pamezibwa. Ndani, maji yaliyokwisha kuingia hayana pa kutokea, na fundi atakayekuja baadaye atalazimika kuikwangua silikoni yote, kwa sababu lakiri nyingine haishiki juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na hapa ukuta unaojengwa ni ukuta hasa, wenye mbao na misumari.

Anayefanya kazi ipasavyo huanza kwa kubomoa. Skrubu hufunguliwa moja moja. Nyingi zimeliwa na kutu na hukatika vichwa. Ukanda ukishatoka, bati hubanduliwa taratibu kuanzia chini, watu wawili wakilishika ili lisipate kunjo ambalo halitanyooka tena. Ubao uliooza hutoka kwa vidole. Lakini hautupwi mara moja: vipande vyake hupangwa juu ya meza, vikapimwa, vikawa kielelezo cha kukatia ubao mpya, maana michoro ya kiwandani mara nyingi haipatikani na umbo sahihi la ule mviringo wa mbele limebaki katika ubao uliooza tu. Ubao mpya hutiwa gundi na skrubu, lakiri mpya ya butili ikatandikwa, ukanda ukarudi na skrubu zisizoshika kutu. Kisha mtu mmoja hukaa ndani na tochi, na mwenzake hushika mpira wa maji nje, akaanza kumwagia chini na kupanda juu polepole, ili tundu lililobaki lijulikane ni lipi.

Ndani ya ukuta uliofunguliwa, fundi hukuta mengi. Hukuta alama za penseli za mfanyakazi wa kiwandani, namba na mistari ambayo hakutarajia yeyote aione. Hukuta pia ubao wa jinsi nyingine, uliokatwa kwa msumeno wa mkono na kupigiliwa misumari isiyo ya kiwandani: mtu fulani, katika mwaka ambao hakuna aliyeuandika, alifika hapahapa akiwa na shida hiihii. Alifanya alivyoweza. Hakuacha jina.

Matengenezo mengine yanasimulika kwa ufupi. Beringi za magurudumu hufunguliwa, husafishwa na kutiwa grisi mpya karibu kila mwaka. Tairi za trela huzeeka kabla ya kuisha kashata, kwa hiyo mwenye trela husoma tarakimu nne za mwisho za namba iliyochapwa ubavuni, zinazotaja wiki na mwaka zilipotengenezwa. Airstream za tangu miaka ya 1960 zina ekseli za mpira: fito za mpira zimebanwa ndani ya bomba la chuma, na mpira huo ukishakakamaa kwa uzee, ekseli nzima hubadilishwa. Mzigo nao hupangwa kwa hesabu: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iikalie ndoano ya gari linalovuta. Uzito ukizidi nyuma, trela huanza kuyumba kwenye mwendo kasi, na huweza kulipindua gari lenyewe. Katika hili utunzaji haumhusu mwenye mali peke yake. Barabara ina haki zake, wanasema wanazuoni wa Kiislamu, na mojawapo ni kuwaepushia wengine madhara. Tairi chakavu kwenye barabara kuu ni deni kwa watu ambao mwenye trela hatawajua kamwe.

Sasa, baada ya miaka ya kazi hiyo, fremu ni mpya, sakafu mpya, ekseli mpya, nyaya mpya. Je, bado ni trela ileile ya 1963? Swali ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alisimulia jinsi Waathene walivyoihifadhi merikebu ya shujaa Theseus, yenye makasia 30, wakitoa mbao zilizooza na kuweka nyingine, hadi wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakisema ni ileile, wengine si ileile. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliliongezea ugumu. Vipi kama kuna mtu aliyeziokota mbao zote zilizotolewa, akaziunga upya kwa mpangilio uleule? Merikebu ya Theseus ni ipi kati ya mbili?

Kwa wenye trela hilo ni jambo la kila siku. Mtu hununua chasisi ya trela moja na bodi ya nyingine. Mlango unatoka jimbo hili, jiko jimbo lile. Serikali za majimbo zina jibu lao la kiofisi: trela ni ile inayotajwa na hati na namba ya utambulisho. Jibu hilo linatosha kwa polisi na kwa kodi. Halitoshi kwa anayeuliza kwa dhati, kwa sababu anajua kuwa kibati cha namba chenyewe kimefungwa kwa ribiti tu.

Wajapani wana hekalu linalotoa jibu zuri zaidi. Hekalu kuu la Ise, la dini ya Shinto, hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha jirani, kwa mbao mpya za mti wa hinoki, kwa umbo lilelile. Desturi hiyo ilianza mwaka 690, ikakatika wakati wa vita vya karne ya 15 na 16, ikarejeshwa. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013, nayo ilikuwa ya 62. Mbao za jengo lililovunjwa hugawiwa mahekalu mengine nchini, na nguzo zake kubwa hugeuzwa malango ya daraja la Uji. Hakuna muumini anayeona kuwa amedanganywa kwa sababu mbao si za mwaka 690. Kinachoendelea ni ujuzi: seremala aliye kijana katika ujenzi mmoja ndiye mzee anayefundisha miaka 20 baadaye. Kwa kipimo hicho, trela ya 1963 ni ileile maadamu kila mkono ulioigusa ulijifunza kutoka kwa kazi ya mkono uliotangulia. Aliyeukata ubao mpya kwa kuufuatisha ule uliooza yumo katika mnyororo huo. Aliyeng'oa kila kitu akajaza samani za dukani, akabakiza bati la nje kwa ajili ya picha, ameukata. Hili ni jambo la kuhukumiwa, na wengi wanaozipenda trela hizi hulihukumu hivyo.

Kutoka hapo swali la umiliki linabadilika sura. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mwaka 1689, aliandika kwamba mtu hukifanya kitu kuwa chake kwa kukichanganya na kazi yake. Watu hulikumbuka hilo na kusahau sharti aliloliweka kando yake: kinachoharibika mikononi mwa mtu kilizidi fungu lake, na ni haki ya wengine. Fiqhi ya Kiislamu ilikuwa imeshafika karibu na hapo karne nyingi kabla yake. Anayeihuisha ardhi iliyokufa huwa na haki nayo. Lakini anayeizungushia mipaka bila kuilima hana dai la kudumu, na khalifa Umar ibn al-Khattab anasimuliwa kuwa alimwekea mtu wa namna hiyo ukomo wa miaka mitatu. Mafundisho hayo mawili yamezungumza juu ya ardhi, lakini yanamgusa sana anayepita kwenye barabara za mashambani za Marekani akaziona trela zilizoachwa nyuma ya maghala, madirisha yamevunjika, majani yamepanda hadi mlangoni. Wenyewe wapo na hati wanazo. Mara nyingi ukiwaomba wakuuzie hukataa, wakisema siku moja watazitengeneza. Kisheria ni zao. Kwa kipimo cha Umar, miaka mitatu imekwishapita mara nyingi.

Vibanda vya Sukkot vinaleta pingamizi la haki, na halifai kukwepwa. Desturi inataka paa la kibanda liwe jepesi kiasi cha kuziona nyota, na mvua kubwa ikinyesha ndani, mtu ana ruhusa ya kutoka. Kibanda kinafundisha kwa kuvuja. Mwenye trela hutumia wikiendi zake akipigana na kuvuja. Je, hajalikimbia lile lile somo ambalo safari ilikusudia kumpa? Jibu ni kwamba kibanda hubomolewa sikukuu ikiisha. Hakuna wa kurithishwa. Trela itamzidi umri mwenyewe, na maji anayoyaacha leo yatamlowesha mtu mwingine.

Tena si kila aliye ndani ya trela kuukuu amechagua. Jessica Bruder, katika kitabu chake *Nomadland* cha mwaka 2017, alimfuata Linda May, bibi aliyevuka miaka 60, aliyekuwa akiishi ndani ya trela ndogo ya Hunter Compact II ya mwaka 1974. Linda May alifanya kazi maisha yake yote, na pensheni aliyostahili haikutosha kulipa kodi ya nyumba. Akawa anasimamia kambi msituni majira ya joto na kufungasha bidhaa ghalani wakati mwingine. Kumwambia mtu kama huyo kwamba sote ni wapita njia duniani ni kumtendea vibaya kwa kutumia neno jema. Mafundisho ya safari yanamfaa anayeweza kurudi nyumbani. Kwa asiyeweza, paa lisilovuja ni haki yake, na lakiri chini ya ukanda wa alumini ndiyo inayomtenga na barabara.

Hapo ndipo kanuni moja ya kambi za kulipia inapouma. Baadhi yake hazipokei trela iliyozidi umri wa miaka 10. Wenye kambi wanatoa sababu, na ina uzito: waliwahi kuachiwa mabovu ambayo hayavutiki. Lakini kanuni inapima umri, haipimi hali. Trela ya miaka 12 iliyooza na ya miaka 60 iliyotunzwa zinarudishwa langoni kwa pamoja, ilhali mpya inayovuja gesi huingia. Baadhi ya wenye kambi huomba picha kwanza, wakaamua kwa kuona. Hao wamefanya uadilifu zaidi, na haukuwagharimu kitu.

Afrika Mashariki iliwahi kuziona trela hizi. Wally Byam, aliyeanzisha kampuni ya Airstream huko California mwaka 1931, aliongoza mwaka 1959 msafara wa takriban trela 40 kutoka Cape Town, ukapita Afrika Mashariki na Ethiopia, ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea, hadi ukafika Kairo mwaka 1960. Wengi waliokuwa ndani walikuwa wastaafu wa Kimarekani. Yeye mwenyewe alivuta trela yenye rangi ya dhahabu. Byam aliamini kwa moyo wote kwamba watu wa kawaida wakikutana barabarani na kusaidiana, mataifa yatakaribiana. Mtu anaweza kuuliza, na ni haki kuuliza, wenyeji waliowavuta kutoka kwenye matope katika miaka hiyo ya mwisho ya ukoloni walionaje nyumba za fedha zikipita. Byam alifariki mwaka 1962. Wengi wa waliosafiri naye nao, kwa umri waliokuwa nao, wametangulia. Trela zao zikaingia mikononi mwa wageni.

Wanachama wa klabu ya wenye Airstream hubandika namba kubwa nyekundu kwenye trela zao. Namba ni ya mwanachama, kwa hiyo trela ikiuzwa hubanduliwa. Ila alumini iliyokuwa chini yake haikupigwa jua sawa na nyingine, na kivuli cha namba ya mtu wa zamani kinaweza kuonekana kwa miaka mingi kando ya ile mpya.

Kuuza ndiko kunakoonyesha kama amana ilikuwa amana. Fiqhi inamtaka muuzaji ataje kasoro ya bidhaa, na inampa mnunuzi haki ya kuirudisha akigundua kuwa alifichwa. Katika soko la trela kuukuu fedha nyingi hutengenezwa kwa kuficha: rangi nyeupe juu ya plaiwudi iliyooza, zulia jipya juu ya sakafu laini, mapazia mazuri, picha zilizopigwa jioni. Muuzaji mwema humkabidhi mnunuzi jalada la risiti, akamwambia ubao upi aliubadilisha na upi hakuufikia, mwaka gani beringi zilitiwa grisi, na wapi anashuku maji yanaingia ingawa bado hajayaona. Humpa sindano ya fundi aichomeke mwenyewe kwenye kona za sakafu, na ngazi apande atazame paa. Bei hushuka kidogo kwa sababu ya maneno hayo, na wote wawili hujua ni kwa nini.